Vumbi na Kompyuta ya Nyumbani



Watu wengi wa kwetu wakiona kompyuta inazimika yenyewe husema, "Imekufa." Huifunika, huiweka pembeni, na baada ya miezi michache huiuza kwa bei ya vyuma chakavu. Mimi nataka kuwaambia kwamba mara nyingi mashine ya namna hiyo haikufa. Imezibwa pumzi tu, na aliyeiziba ni vumbi. Najua hivyo kwa sababu jambo hili lilitupata nyumbani kwetu, nasi tulibakiza kidogo tu tuiuze.

Kwetu ni karibu na Arua, kaskazini-magharibi ya Uganda, kando ya barabara isiyotiwa lami. Kuanzia Desemba hata Machi mvua ni haba, na kila lori lipitapo huacha wingu jekundu nyuma yake. Ukipangusa meza asubuhi, jioni waweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Katika nyumba hiyo kaka yangu mkubwa, ambaye naye alisoma hapa, alituletea kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, akaipakia katika basi kutoka Kampala.

Mama yangu ni mtunza hazina wa chama cha akina mama cha kuweka na kukopa. Hapo mwanzo aliandika hesabu zote katika daftari. Nilipomfundisha kutumia mashine, alifurahi sana, na alipoizoea aliacha daftari kabisa. Kwa hiyo hesabu zote tangu mwezi wa Juni zilikuwa ndani ya kompyuta peke yake.

Desemba ilipofika, chama kilipanga kugawana akiba siku ya Jumamosi, kama ilivyo desturi kabla ya Krismasi. Jumatano ile mashine ilianza kuzimika. Ukiiwasha, hukaa kama dakika kumi, kisha giza. Tuliita fundi mmoja. Aliiwasha, akaitazama ikizimika, akasema, "Mama, ubao mkubwa umeungua. Lakini nitakupa kitu kidogo, nichukue vipuri." Mama hakumjibu. Fundi alipokwenda zake, mama aliniambia, "Mwanangu, wenzangu thelathini watakuja Jumamosi kutaka fedha zao, na mimi sina la kuwaonyesha."

Jioni ile nilimpigia kaka simu. Aliniuliza mambo mawili tu. La kwanza, "Ukiiacha ipoe nusu saa, huwaka tena?" Nikasema ndiyo. La pili, "Weka mkono wako nyuma ya kasha. Unasikia upepo?" Niliweka mkono. Bati lilikuwa la moto, na upepo ulikuwa kidogo sana. Kaka akasema, "Ubao ukiungua, mara nyingi mashine haiwaki kabisa. Hiyo yenu inashindwa kupumua. Ifungue."

Sasa, kabla ya kueleza tulivyoifungua, yafaa tujue kwa nini kompyuta huhitaji kupumua. Umeme wote unaoingia katika mashine hii mwisho wake hugeuka kuwa joto. Sehemu itoayo joto jingi ni prosesa, ndiyo inayofanya hesabu zote. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani huweza kutoa joto la wati 65 au zaidi, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Lakini joto hilo lote hutoka katika kipande kinachokaribia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Bila ya kupozwa, kipande hicho kingeungua upesi.

Kwa sababu hiyo juu ya prosesa hukazwa kipande cha alumini, na pengine shaba, chenye mabapa membamba mengi yaliyosimama kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Joto hupanda katika mabapa hayo, na feni ndogo huyapulizia hewa. Kisha feni nyingine huitoa hewa ya moto nje kwa nyuma. Hewa baridi nayo huingia kwa mbele au ubavuni. Basi ndani ya kasha kuna njia ya upepo, kama ilivyo katika nyumba yenye madirisha mawili yanayotazamana.

Hewa ile haiingii peke yake. Huja na udongo mwembamba, nyuzi za nguo na mablanketi, nywele, masizi ya jikoni, na hata vipande vidogo vya ngozi yetu sisi wenyewe. Nyuzi hunasa kwanza kati ya mabapa, kisha udongo hunasa katika nyuzi. Baada ya miezi, hufanyika kitu kama blanketi kati ya feni na mabapa. Nasi sote twajua kazi ya blanketi: huzuia joto lisitoke. Feni huzunguka kwa nguvu zake zote, lakini upepo haupiti.

Waliotengeneza prosesa waliliwazia jambo hili. Prosesa nyingi zimewekewa mpaka wa joto ulio karibu na digrii 100 za Selsiasi, moto wa maji yanayochemka. Ikikaribia mpaka huo, prosesa hupunguza mwendo wake. Joto likizidi kupanda, mashine hujizima ili isiungue. Kwa hiyo kompyuta inayojizima hivyo haijafa, bali inajiokoa isife. Dalili zake ni hizi: feni hulia kama mashine ya kusaga unga, kazi huenda polepole, kasha huwa la moto na upepo wa nyuma ni hafifu, kisha mashine huzimika, nayo ikipoa huwaka tena. Lakini ukisikia harufu ya kuungua, au ikiwa haiwaki hata baada ya kupoa, hilo ni jambo la fundi.

Vumbi lina ubaya mwingine pia. Wakati wa masika hunyonya unyevu wa hewa, na vumbi lenye unyevu huweza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa na kuleta kutu. Tena penye joto na giza wadudu hupapenda: mende, sisimizi, na hata mjusi mdogo. Jambo hili si geni. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, mafundi wa kompyuta kubwa iitwayo Mark II walimkuta nondo amenaswa katika swichi moja ya mashine. Walimbandika kwa utepe katika kitabu chao cha kazi, na kitabu hicho kimehifadhiwa mpaka leo.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe. Vyombo tulivyotumia ni hivi: bisibisi ya nyota, brashi mpya ya rangi yenye nywele laini, pampu ya baiskeli, kitambaa safi cha pamba kisichotoa nyuzi, vijiti vya pamba vya masikio, na spiriti kidogo kutoka duka la dawa. Katika spiriti, iliyo bora ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, kwa hiyo huchelewa kukauka. Tena tulijifunga vitambaa puani, maana vumbi lile si zuri kwa mapafu.

Kwanza, tuliizima mashine kwa utaratibu wake, tukachomoa waya wa umeme na nyaya nyingine zote. Nilipiga picha kwa simu kabla ya kuchomoa, nijue kila waya ulitoka wapi. Kisha nilibonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa kuhesabu hata kumi, hali haina umeme, ili umeme uliobaki ndani upungue. Tuliiacha ipoe.

Pili, tuliitoa barazani alfajiri, malori yakiwa bado hayajaanza kupita. Haifai kuisafisha ndani ya nyumba, kwa kuwa vumbi likitoka mashineni hukaa kitandani, na kesho hurudi mashineni.

Tatu, kabla ya kugusa chochote ndani, nilishika chuma cha kasha kwa mkono mtupu, na kila mara nilikishika tena. Sababu ni umeme tuli, ule unaolia ukivua sweta la nailoni wakati wa kiangazi. Mtu hausikii umeme huo mpaka ufike kama volti 3,000, lakini vipuri vya kompyuta huweza kuharibiwa na volti chache kuliko hizo. Ukigusa chuma, umeme wa mwili wako hutoka kwanza huko.

Nne, niliondoa skrubu mbili za nyuma nikavuta bati la ubavuni. Ndugu wasomaji, sikuona feni. Niliona kitu cha rangi ya kahawia kama kipande cha blanketi kuukuu, na katikati yake tundu dogo. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Na hiyo ndiyo tuliyotaka ifanye kazi?"

Tano, niliondoa vumbi nene kwa vidole na brashi, polepole, nikianzia juu kwenda chini. Kisha dada yangu mdogo alisukuma pampu, nami nikaelekeza mpira wake. Mara chache za kwanza tulipuliza pembeni, ili uchafu wa ndani ya mpira utoke. Wakati wa kupulizia feni, niliizuia kwa kijiti isizunguke, maana feni ikizungushwa mbio na upepo huweza kuharibika mhimili wake. Tulipuliza kati ya mabapa kutoka pande zote mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili. Mabapa yenyewe sikuyang'oa, kwa kuwa kati yake na prosesa pamepakwa dawa nyeupe ya kupitishia joto, na ukiyang'oa ni lazima kupaka mpya.

Hapa pana mambo manne ya kujihadhari nayo. Usipulize kwa mdomo, maana mate hutoka pamoja na pumzi. Usitumie kitambaa chenye maji ndani ya mashine. Usitumie mashine ya kunyonyea vumbi ya nyumbani karibu na ubao, maana huzalisha umeme tuli. Na kubwa kuliko yote, usifungue kile kisanduku cha chuma ambamo waya wa umeme huingia, mafundi hukiita pawa saplai. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 240, na ndani ya kisanduku hicho huweza kubaki zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Hizo huweza kuua mtu. Puliza matundu yake kwa nje, inatosha.

Baada ya saa moja na nusu tulirudisha bati na nyaya zote. Nilibonyeza kitufe. Mashine haikuonyesha kitu, ila ililia tu: pii, pii, pii. Mama alinitazama, nami sikuweza kumtazama. Lakini nilikumbuka somo la mwalimu wetu wa kompyuta, kwamba kulia ni lugha ya mashine. Mara nyingi humaanisha kwamba kibao cha kumbukumbu, kile kiitwacho ramu, hakikukaa vizuri. Nilichomoa umeme tena, nikafungua, nikakiona kimeinuka upande mmoja, kwa hakika nilikigonga kwa brashi. Nilikisukuma mpaka vishikizo vyake vikalia "ta". Nikawasha. Skrini ikawaka. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini, kisha saa nzima, na nyuma ya kasha ulitoka upepo wa kutosha kupeperusha karatasi.

Sasa niseme machache juu ya vyombo vinavyoandamana na kompyuta.

Kibodi ndiyo inayokula vumbi jingi pamoja na makombo ya mikate, na makombo huita sisimizi. Ichomoe, ipindue, uipige mgongo kwa kiganja, kisha upulize kati ya vitufe. Vitufe ukivipangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mafuta ya vidole hutoka. Hapa sina budi kukiri kosa langu. Mwaka uliotangulia nilipeleka kibodi kwa mtu azibaye pancha, nikamwomba aipulize kwa mashine yake ya upepo. Sikujua kwamba ndani ya tangi la mashine ile maji hukusanyika, maana hewa ikishindiliwa hutoa unyevu wake. Kibodi ilipulizwa kwa maji machafu yenye mafuta, na herufi kumi hazikuandika tena. Pampu ya baiskeli ni dhaifu, lakini udhaifu wake ndio wema wake.

Kipanya cha zamani kilikuwa na mpira mdogo tumboni, nao ulizoa taka za meza nzima. Cha siku hizi huona kwa mwanga kupitia tundu dogo chini yake. Kishale kikirukaruka, tazama tundu hilo. Huenda unywele mmoja umekaa humo. Utoe kwa kijiti cha pamba kikavu.

Skrini ipanguswe ikiwa imezimwa na imepoa, kwa kitambaa laini kikavu. Ikiwa na madoa, lowanisha kitambaa kidogo sana kwa maji safi. Usinyunyize maji juu ya skrini yenyewe, maana hushuka na kuingia ukingoni. Wala usitumie dawa ya kusafishia vioo vya madirisha. Nyingi zina amonia, nayo huharibu uso wa skrini.

Printa huchafuliwa na vumbi la karatasi zenyewe. Ikishindwa kuvuta karatasi, mara nyingi magurudumu yake ya mpira yameteleza kwa vumbi. Yapanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha yaache yakauke. Lakini printa inayotumia wino wa unga usiipulize hata kidogo, maana unga huo ni mwembamba mno, utauvuta kifuani. Ukikumwagikia nguoni, upanguse kwa kitambaa kikavu, kisha ufue kwa maji baridi. Maji ya moto huushikisha.

Wenye kompyuta ya mapajani, wapulize matundu yake ikiwa imezimwa. Wasiitumie juu ya godoro au blanketi, maana aghalabu huvuta hewa kwa tumboni.

Mwisho ni kinga, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Usiweke kasha sakafuni. Liinue kadiri ya goti, kwa kuwa vumbi jingi hutembea chini. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya mgongo wake na ukuta. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji. Kwetu penye vumbi jingi huifungua mashine kila baada ya miezi mitatu. Penye lami, mara moja au mbili kwa mwaka hutosha.

Na kitambaa je? Wengi wetu tunajua kwamba kitu cha thamani sebuleni hufunikwa kitambaa. Mama alikuwa ameifumia kompyuta kitambaa cheupe chenye maua, kwa mkono wake mwenyewe, nacho kilishuka mpaka nyuma na kufunika matundu yote, mchana na usiku. Kwa hiyo hewa ya moto ilipotafuta njia ya kutokea, ilikuta mlango umefungwa kwa heshima. Sikuweza kumwambia mama kwamba kitambaa chake kilikuwa na sehemu katika kosa hili. Nilimwambia, "Mama, kitambaa hiki ni kizuri mno. Tuivishe mashine usiku tu, inapolala." Akacheka, maana alielewa. Hata sasa hukivua kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Jumamosi ile akina mama walikuja, wakakaa barazani palepale tulipomwaga vumbi. Hesabu zilisomwa jina kwa jina, kila mmoja akapata haki yake, na hakuna aliyejua kwamba siku tatu kabla yake tulikaribia kuuza hesabu hizo pamoja na vyuma. Simlaumu fundi yule. Kosa lake ni kwamba hakuifungua. Jioni mama alinituma dukani kununua vitu viwili: flashi ya kuhifadhia nakala, na daftari.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita